Mke Mwenzangu, Sahihi Yangu Hamtaipata

Zegereni, Kata ya Visiga,
Kibaha, Pwani.
Jumapili jioni.

Kwa mke mwenzangu,

Babu yako anakusalimu. Anasema mahari yako bado anaidunduliza, usije ukachukuliwa na mwingine huko chuoni. Sisi wazima. Mihogo imekubali mwaka huu, ila vumbi la malori ya viwandani linatumaliza. Nguo nyeupe hapa Zegereni ni ya kuvaa ndani ya nyumba.

Ama baada ya salamu. Barua yenu ya kwenda Baraza la Sanaa la Taifa, ile ya kutaka wimbo wa singeli ufungiwe, nimeipata na nimeisoma mara mbili. Umeniomba niitie sahihi kama mwalimu mstaafu na mzee wa jamii. Kwa uandishi nawapa tisini kwa mia. Sahihi sitatia. Sasa kaa chini nikueleze, na usianze kununa kabla hujafika mwisho, maana nakujua.

Wimbo wenyewe nimeusikiliza. Nilimwambia mdogo wako auweke kwenye simu, akaona haya, akajitia anaitwa nje. Nikamwambia kaa hapo hapo, kama unaweza kuusikiliza kijiweni utausikiliza na mbele ya bibi yako. Nimeusikia wote. Ni wimbo wa hovyo, na kosa lake la kwanza kwangu mimi ni kwamba umetungwa vibaya: mtu hana la kusema, anajaza beti kwa kutaja maungo ya mwanamke kama muuza nyama anavyotaja bei. Sibishani nawe hapo.

Wala sitakuambia kwamba hayo ni maneno tu. Njoo usimame pale barabara ya viwandani saa kumi na mbili jioni, mabinti wanapotoka zamu. Wamechoka, wengine wamesimama tangu asubuhi, vitambaa vya kichwa vimejaa unga wa kiwandani. Vijana wa bodaboda wanaupiga ule mstari wa kiitikio kwa pamoja, huyu wakimwimbia kwa unene wake, yule kwa wembamba wake, na wakikosa la kuimba wanapiga honi. Binti mmoja wa hapa mtaani alikuwa anazunguka njia ya mashambani ili asipite kijiweni, akichelewa kufika kwa mwanawe anayenyonya. Ule wimbo umemwongezea safari. Hilo ni dhara, na anayelikataa hajawahi kupita kijiweni akiwa amevaa gauni.

Shida yangu iko kwenye aya yenu ya tatu. Mmeandika kwamba mnaomba mamlaka "ifungie kazi zote zinazomdhalilisha mwanamke na kukiuka maadili." Ninyi mlipoandika mlikuwa mnamwona yule mwimbaji. Ofisa atakapoisoma atamwona nani? Neno la kwanza litakaloingia machoni mwake ni hilo la mwisho, maadili, na hilo analo tayari, amelitumia miaka yote. Tazama amelitumia kwa nani.

Mei 2016 video ya "Chura" ya Snura ilipigwa marufuku. Kilichokuwamo ni wanawake wanatikisa viuno. Mwaka 2019 Rosa Ree akafungiwa miezi sita na kutozwa faini kwa video. Januari 2021 zamu ikawa ya Gigy Money: miezi sita na faini ya shilingi milioni moja kwa vazi alilopanda nalo jukwaani Dodoma, na televisheni ya Wasafi iliyoonyesha tamasha lile ikaadhibiwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Machi 2024, ng'ambo ya bahari, baraza la sanaa la Zanzibar likamfungia Zuchu miezi sita kwa onyesho alilofanya Kendwa. Najua utaniambia wanaume nao hufungiwa. Kweli, Roma alifungiwa mwaka 2018, na Diamond na Rayvanny mwaka huo huo. Lakini iweke ile orodha mezani uisome taratibu. Mwanamume hushikwa kwa alichokisema. Mwanamke mara nyingi hushikwa kwa alichokivaa, au kwa jinsi alivyosimama.

Na kipimo chenyewe kiko wapi? Machi 2017 Ney wa Mitego alikamatwa huko Mvomero kwa wimbo wake "Wapo", Baraza likaufungia. Haukupita muda, Waziri Mwakyembe akatoka na habari kwamba Rais Magufuli ameupenda, upigwe, na ikiwezekana uongezwe beti. Msanii akaachiwa. Siku ile tulicheka sana humu ndani, babu yako akasema kumbe maadili yana simu ya mkononi. Mimi baadaye nikaacha kucheka. Kama wimbo unaweza kuwa haramu Jumapili na halali Jumatatu kwa kuwa mkubwa mmoja ameusikia akautikisia kichwa, basi ninyi mnaomba ulinzi wa sikio la mtu, na masikio ya wakubwa hubadilika.

Nimefundisha tangu ujana wangu mpaka nilipostaafu, na fimbo ya ofisini naijua tabia yake: huagizwa kwa ajili ya watukutu wawili wa darasa la saba, kisha huishia kwenye viganja vya watoto wasio na wa kuwatetea. Watukutu wenyewe huruka ukuta.

Nilikuwa darasa la nne Kisarawe, Oktoba 1968, pale Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana. Kuanzia Januari 1, 1969, ndani ya Dar es Salaam, isiwepo sketi fupi, mawigi, suruali za kubana wala dawa za kujichubua. Sababu zilikuwa nzuri kuzisikia. Utamaduni wetu, heshima ya mwanamke wa Kiafrika, tusiwe kasuku wa wakoloni. Nani angepinga heshima ya mwanamke? Lakini tarehe ya kuanza haikungojwa. Vijana wa mjini walikwenda kituo cha mabasi cha Kariakoo, wakawavamia wanawake waliovaa nguo fupi au za kubana, wakawachania nguo mbele ya watu, hadi polisi wa kutuliza ghasia wakaitwa. Habari zilitufika Kisarawe na basi la jioni, zikisimuliwa na watu wazima kwa sauti ya chini, nusu wakisikitika, nusu wakicheka. Magazeti yalijaa barua za wasomaji kwa wiki nyingi, za kuunga mkono na za kupinga. Wanaume waliokuwa wakihutubia kuhusu vazi la asili walikuwa wamevaa suruali na shati la kola, na hakuna aliyewavua.

Jambo hilo nimelikumbuka kwa sababu wale vijana wa Kariakoo hawakujiona wahuni. Walijiona wanatekeleza azimio. Sheria ya maadili ikitamkwa juu, kule chini kila mwenye misuli hujiona askari wake.

Unaweza kusema hayo ni ya zamani, enzi za redio ya mbao. Haya, njoo Uganda, Februari 2014. Museveni alitia sahihi Sheria ya Kupinga Ponografia. Ukiisoma kwa juu juu utadhani imeandikwa na ninyi: kuwalinda wanawake na watoto. Msukuma gari wake mkuu alikuwa waziri wa maadili, Simon Lokodo, padri wa zamani, ambaye hata kabla haijapita alikuwa akizungumzia nguo zisizofika magotini. Watu mitaani wakaiita sheria ya sketi fupi, wakaanza kuitekeleza wenyewe. Wanawake wakavuliwa nguo Kampala na miji mingine mchana kweupe. Kariakoo tena, baada ya miaka arobaini na mitano! Na wa kwanza kupandishwa kizimbani chini yake hakuwa tajiri wa kutengeneza filamu za ngono. Alikuwa mwimbaji wa kike asiye na jina kubwa, Jemimah Kansiime, kwa video ya muziki wake, akakaa rumande kwa wiki kadhaa kwa kukosa dhamana. Waliokwenda Mahakama ya Katiba kuipinga walikuwemo watetezi wa haki za wanawake, na Agosti 2021 mahakama ikavifuta vifungu vyake vya msingi. Miaka saba, mke mwenzangu. Hesabu ni wanawake wangapi walivuka barabara kwa hofu ndani ya miaka saba.

Zile kurasa ulizonitumia za yule mama wa Marekani, Andrea Dworkin, nimezisoma kwa miwani yangu hii iliyofungwa uzi. Ana hasira ya kweli, nami nimemheshimu. Tena nataka nikuoneshe kitu ambacho barua yenu imekiruka. Mwaka 1983 yeye na mwanasheria Catharine MacKinnon walipoiandikia Minneapolis ile sheria ndogo, hawakumwomba mkaguzi afungie. Walitaka mwanamke aliyedhuriwa na picha za ngono aweze kwenda mahakamani mwenyewe kudai fidia. Faili linashikwa na mwanamke. Hapo walikuwa na akili kuliko ninyi. Meya akaikataa. Mwaka uliofuata Indianapolis wakaichukua, na aliyeibeba barazani alikuwa diwani wa kihafidhina, mwanamke aliyekuwa amepigana kuzuia haki sawa za wanawake zisiingie kwenye katiba yao. Huyo ndiye rafiki waliyempata. Mahakama za shirikisho zikaibatilisha, na wanawake wenyewe wa Marekani wakagawanyika, wengine wakisema Dworkin amewauza kwa wale wale waliokuwa wakiwafungia midomo.

Walikuwa na sababu ya kuogopa. Nchi hiyo ilikuwa na sheria ya mwaka 1873, ya Comstock, iliyoweka maelezo ya kuzuia mimba kapu moja na picha chafu. Margaret Sanger alishtakiwa mwaka 1914 kwa jarida lake. Sasa kabla hujawacheka, kumbuka Septemba 2018. Rais Magufuli alisema huko Simiyu kwamba wanawake waache dawa za kupanga uzazi, na siku chache baadaye Wizara ya Afya ikaandika barua kusimamisha matangazo ya uzazi wa mpango yaliyokuwa yakirushwa redioni na kwenye televisheni kwa ufadhili wa Marekani. Hakukuwa na tusi ndani ya matangazo yale. Kulikuwa na mama anayepanga watoto wake.

Lakini linaloniuma kuliko yote halikutoka Marekani wala Uganda. Limetoka hapa kwenye barabara yetu ya Morogoro, ukipita Mlandizi mbele. Juni 22, 2017, mwaka niliostaafu, pale Chalinze, Rais Magufuli alisema mwanafunzi akipata mimba katika utawala wake harudi shuleni. Siku chache baadaye waziri wa mambo ya ndani wa wakati ule, Mwigulu Nchemba, akayaonya mashirika yanayowatetea wasichana hao kwamba yatafutiwa usajili. Angalia jinsi mambo mawili yalivyoshikana mikono: binti kafukuzwa, na wa kumsemea kaambiwa anyamaze. Na kanuni ya kumfukuza haikuanzia Chalinze. Ilikuwapo tangu mwaka 2002, na katika sababu za kumwondoa mtoto shuleni kulikuwa na kosa dhidi ya maadili. Neno lenu hilo hilo la aya ya tatu.

Mimi nimewatoa wasichana darasani kwa neno hilo. Sikuwa na la kufanya, karatasi ilitoka juu, wakapimwa mimba kwenye chumba cha stoo mimi nikiwa nimesimama mlangoni. Mmoja alikuwa ananishinda hesabu za mafumbo. Nikimpa swali gumu, analimaliza kabla sijafuta chaki mikononi. Aliyempa mimba alikuwa mtu mzima wa kijijini, na aliendelea kuswali mstari wa mbele. Novemba 2021 waziri wa elimu wa wakati ule, Profesa Ndalichako, alipotangaza kwamba waliojifungua warudi, yule binti alikuwa anauza maandazi Mlandizi na ana watoto wanne. Kila ninaponunua maandazi yake huniita mwalimu, nami sijui niitike vipi.

Kwa hiyo ninyi mkiandika "maadili" mnadhani mmeandika "heshima." Wenye mihuri wakilisoma wanasoma mimba, sketi, kiuno na ulimi wa mwanamke.

Tena niambie, mkaguzi huyo mnayemwita, akifika Uzaramo ataanzia wapi kufungia? Ataanzia kwangu. Unajua mimi ni somo wa unyago. Nawe nimekucheza mwenyewe, ingawa ulilia kwamba utachelewa mtihani. Maneno tuliyokuimbia ndani ya siku zile, ukiyaweka redioni saa nne asubuhi, ule wimbo wenu wa singeli utaonekana kaswida. Tulikufundisha mwili wako kwa majina yake, bila kufunika. Mama mmoja wa Kifini, Marja-Liisa Swantz, alikaa na Wazaramo wa Bunju miaka ya sitini akaandika kitabu kizima kuhusu mwali na mambo ya ndani, na ile sanamu ndogo ya mti, mwana hiti, iko leo kwenye makumbusho ya Ulaya kama sanaa. Bi Kidude alilitoa dundo la unyago akalipandisha jukwaani Zanzibar na ng'ambo, watu wakapiga makofi. Kumbe wanawake wa pwani tumekuwa na uhuru wetu wa kusema muda mrefu, ila tuliufungia mlango. Ndani tuseme lolote, nje tuvae baibui la maneno. (Nami sisemi kila tulichofundishana ndani ni kizuri. Yale ya kumvumilia mume anayepiga niliyaacha zamani, na makungwi wenzangu bado hawajanisamehe.)

Waliotoka nje na maneno yao ndio waliotufungulia njia. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, aliimba kisa cha Kijiti, mwanamume aliyemuua mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam kisha akatoroka, huku adhabu ikiwaangukia wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu. Mahakama ya mkoloni ilikuwa imemaliza kesi yake. Wimbo ukaifungua upya barazani. Unadhani hakuna aliyemwambia Siti kwamba mauaji na ulevi si maneno ya mwanamke kuimba? Bila shaka walikuwepo. Na Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilipoanzishwa mwaka 1987 na kina Fatma Alloo, Edda Sanga na Leila Sheikh, jarida lao wakaliita Sauti ya Siti. Nilileta nakala moja kwenye ofisi ya walimu. Ilizungumzia ubakaji kwa jina lake, bila kupaka sukari. Mwalimu mwenzangu mmoja, mtu wa dini na mwema kwa mambo mengine, akaligeuza kifudifudi mezani ili wanafunzi wasione, akasema hiki ni kitabu cha matusi. Ni wanawake wale wale wa "matusi" waliopiga kelele pamoja na wenzao hadi ikapatikana Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Kama lingekuwapo dirisha la kupeleka malalamiko ya maadili, yule mwalimu angekuwa wa kwanza kwenye foleni.

BAWATA je, mmesomeshwa? Baraza la Wanawake lililoongozwa na Anna Tibaijuka lilifutwa mwaka 1997 kwa madai ya kujiingiza kwenye siasa. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2009 kwamba halikutendewa haki, lakini kufikia hapo mama wa watu alikwisha kwenda kuongoza shirika la Umoja wa Mataifa jijini Nairobi na wanachama walishatawanyika. Serikali ikishapewa mkono wa kufunga, huwa haina haraka ya kufungua.

Najua swali lako: basi bibi tukae kimya? Nani kasema.

Nikurudishe kwenye kijiwe chetu. Wale mabinti wa kiwandani hawakwenda Baraza la Sanaa. Walikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, naye akawaambia vijana ni vijana. Mwezi uliopita kulikuwa na harusi hapa mtaa wa juu, ikapigwa ngoma, na mabinti wakatoa wimbo wao walioutunga zamu ya usiku mashine zikiwa zimeharibika. Ulikuwa mpasho wa haja. Haukutaja jina la mtu, lakini ulitaja pikipiki yenye kioo kimoja, na mkopo wa pikipiki ambao haujalipwa, na mama mzazi anayeombwa hela ya mafuta kila asubuhi, na mwanamume anayejua bei ya makalio ya wenzake asiyejua bei ya unga. Uwanja mzima uligeuka kuwatazama wale waliosimama karibu na jenereta. Mwenye kioo kimoja aliondoka bila kula pilau. Siku ya pili mwenyekiti, ambaye naye aliguswa kwenye ubeti wa mwisho, aliitisha kikao na viongozi wa kijiwe, wakakubaliana atakayewaimbia wasichana anatolewa kwenye foleni ya abiria wiki nzima. Sisemi tabia imekwisha. Lakini yule mama mwenye mtoto sasa anapita barabara kubwa, na wimbo ule hakuna aliyeufungia. Umeanza kuchokwa.

Wewe una wenzako wanaojua kutunga, una simu, una redio ya chuo. Mjibuni yule mwimbaji kwa jina, mumchambue mbele ya watu wake, beti kwa beti. Muulizeni mwenye redio kwa nini anaupiga saa za watoto. Hilo linadaiwa bila kumkabidhi mtu rungu, na barua ya kudai hilo peke yake ningeisaini bila kusita. Muulizeni kampuni gani inalipia matangazo katikati ya kipindi hicho, maana anayelipa ndiye anayeogopa wanunuzi wa sabuni.

Kuna jingine. Mwishoni mwa barua yako kwangu, si ile ya Baraza, umenidokeza kwa mistari miwili kuhusu mwenzako wa bweni ambaye picha zake zimesambazwa na mvulana aliyeachana naye. Umeandika kama jambo la pembeni. Mke mwenzangu, hilo ndilo jambo. Wimbo unaimbwa kwa wote na wote wanaweza kuujibu. Picha ile ni mkono wa mtu mmoja juu ya mwili wa mtu mmoja, na huyo hana ubeti wa kujibia. Hapo silaumu sheria kuingia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 mimi siipendi, imeshawatia watu hatiani kwa kumkejeli mkubwa, lakini inacho kifungu cha 23 kuhusu kumuudhi na kumtisha mtu mtandaoni, na hicho kimewekwa kwa ajili ya mtu kama yule mvulana. Tahadhari moja tu. Sheria hiyo hiyo inakataza kuchapisha picha za ngono, na nimeshaona mara nyingi mwenye mwili akiulizwa yeye kwanza kwa nini alipiga picha. Kwa hiyo asiende peke yake.

Fanyeni hivi. Hifadhini ujumbe wote, na tarehe, na namba zilizotuma, msifute kwa aibu. Andikeni maelezo mafupi yanayosema nani alituma, lini, kwa nani. Msiandike neno maadili hata mara moja. Andikeni kwamba hakuridhia. Nendeni Dawati la Jinsia la chuo, na la polisi, mkiwa wengi, na mtu mzima mmoja kati yenu. Mtu mzima huyo ni mimi. Zamu hii nitatia sahihi, na kama wanataka na dole gumba nitaweka.

Jumanne nakuja na gari la asubuhi. Mwambie huyo binti asiondoke bwenini kabla sijafika, na asifute kitu kwenye simu yake.

Ni mimi bibi yako,
mke mkubwa.